Habari za Koplo

Shambani,
4 Juni

Kitinda wetu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya: tumegoma!

Hakuna gunia hata moja la mahindi litakalotoka kijijini hapa kwenda Bodi ya Nafaka mpaka sheria ibadilishwe. Tulikutana darasani, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto magoti yanagusa kidevu, na nilipouliza nani anakubali, mikono yote ilipanda juu. Halafu wakanichagua mimi kuwa mwenyekiti. Mimi, dada yako niliyekuwa naogopa hata kusoma shairi mbele ya wageni! Tangu siku hiyo nalala nikiamka natabasamu peke yangu kama mtu aliyechumbiwa.

Tunachodai unakijua, lakini nimekisema mno wiki hii, mdomo haunyamazi. Tunalima wenyewe, tunapalilia wenyewe, tunapukuchua mpaka vidole vinaota sugu. Ikifika siku ya kuuza, sheria inasema mnunuzi ni mmoja tu, Bodi. Bei anapanga yeye. Siku ya kuja anapanga yeye. Akichoma gunia kwa bambo lake, lile chuma la kuchotea punje za kupima, akasema yana unyevu, basi yana unyevu hata kama yamekauka yanalia kama kokoto. Na ukijaribu kumpelekea mwenye kinu cha unga, unakamatwa kwenye kizuizi barabarani kama mwizi, na mahindi ni yako! Hatusemi Bodi ife. Tunasema iwe mnunuzi kama wanunuzi wengine. Ipige hodi, ibembeleze.

Sasa nisikilize. Jana Meneja Mkuu wenu alisema redioni, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeshiba, kwamba maghala ya Bodi yamejaa pomoni na wanaweza kukaa mpaka msimu ujao bila punje yetu. Kijiji kizima kilisikia. Jirani yetu Mzee Lakini, unamjua, hajawahi kufungua kinywa bila hilo neno lake, alikuja mlangoni redio ikiwa bado inaongea. "Lakini mwenyekiti, kama yamejaa kweli je?"

Hiyo ndiyo hofu yangu na mimi. Kama yamejaa, watakaa watungoje, dumuzi, wale wadudu wa nafaka, watayala mahindi yetu humu majumbani, na mimi ndiye nitakuwa nimewaponza watu wote hawa. Kama hayajajaa, wao ndio watakaotutafuta. Wewe unafanya kazi humohumo. Niambie neno moja tu, ndugu yangu: yamejaa au hayajajaa?

Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Dada yako,
Mwenyekiti (zoea tu)


Mjini,
11 Juni

Dada, shikamoo.

Hongera sana, Mheshimiwa. Barua yako niliisomea kantini, nikacheka peke yangu mpaka mpishi akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia hapana, nimepata mwenyekiti.

Neno unaloniomba siwezi kukupa. Siku ya kwanza kazini niliinua mkono nikala kiapo kwamba yaliyomo ghalani sitayatoa nje, si kwa mdomo, si kwa kalamu. Tena bado niko kwenye majaribio, sijathibitishwa. Usinikasirikie. Wewe mwenyewe ndiye uliyenilea hivyo, kwamba nikishaahidi nimeahidi.

Mwambie Mama nakula. Chumba changu kiko nyuma ya duka la fundi cherehani, kwa hiyo sihitaji saa, cherehani yake inaniamsha. Kazini nina koti jeupe linalonifika magotini, na bambo langu nimelisugua siku hizi mpaka naweza kujinyolea kwa kujitazama humo.

Nikupe habari za Koplo. Koplo ni paka wa Bodi, amepewa cheo na walinzi kwa sababu kila asubuhi alikuwa akizunguka magunia kifua mbele, mkia juu, kama anakagua gwaride. Sasa mwezi huu amehama ghalani! Amehamia ofisini kwa Meneja Mkuu, analala kwenye trei ya barua. Walinzi wamembeba kumrudisha ghalani, anatoka. Wamemrudisha tena, katoka tena.

Unamkumbuka yule paka wetu wa madoadoa, aliyehamia kwa mwenye duka? Mimi simsahau.

Mdogo wako,
Kitinda


Shambani,
19 Juni

Wewe Kitinda,

Marahaba, ingawa hustahili. Mimi nakuuliza habari za maghala, wewe unanijibu habari za paka! Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta maana, nikakuta mkia juu, kifua mbele. Jamani! Huku watu wanashika vichwa, mdogo wangu anatunga hadithi za watoto. Kiapo nimekielewa, sikulaumu. Lakini kama huna la kusema, sema huna, usinipigie soga.

Haya, hasira zimeisha, nina habari. Kamati ya Bunge imekubali kutusikiliza! Barua yao imefika na muhuri mkubwa hivi. Watakuja hukohuko mjini, kwenye kantini yenu ya Bodi kwa kuwa ndiyo yenye viti vingi, tarehe ishirini mwezi ujao. Sisi tutasema, Meneja wenu atasema, halafu wao watapeleka mapendekezo. Niliposoma hiyo barua mbele ya watu, akina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Shida ni kufika hiyo tarehe. Kijana mmoja wa kwetu alijaribu kupitisha magunia yake kwenda kwenye kinu, kizuizi kikamnasa, mahindi yamebaki kwa askari. Halafu tangu juzi tunaona malori yenu yakipita hapa barabarani, yamefunikwa turubai, yamefungwa kamba mpaka chini, yanaelekea mjini. Watu wanasema Bodi imepata mahindi kwingine. Mzee Lakini anakaa kwenye jiwe lake anayahesabu, kila likipita ananiita nije nione. Wananitazama mimi usoni, Kitinda. Nami naweka uso mkavu mpaka niingie ndani.

Mama anasema maneno yangu kwako ni makali. Basi pole. Lakini paka!

Dada yako


Mjini, Ofisi ya Meneja Mkuu,
27 Juni

Dada, shikamoo.

Naandika barua hii mezani kwa Meneja Mkuu mwenyewe, kwa karatasi nzuri aliyonipa kwa ukarimu wake. Barua yako ya mwisho ilifika bahasha ikiwa wazi. Gundi za siku hizi hazishiki. Meneja ameniuliza kama huyo mwenyekiti wa wakulima ni dada yangu wa tumbo moja, nami sikukana.

Ameniagiza nikueleze ukweli kama ndugu, ili wakulima wasipoteze jasho lao bure. Nami naeleza kama nilivyoagizwa: maghala ya Bodi yamejaa pomoni. Bodi haina haja ya mahindi mengine. Wenzako wafikirie upya kabla mahindi yao hayajaharibika.

Meneja ameisoma mpaka hapo na kuridhika. Ameniruhusu niongeze habari za nyumbani kisha nifunge.

Habari za nyumbani ni kwamba mimi ni mzima. Koplo si mzima sana. Amekonda, mbavu unaziona, kutwa anarukia panzi kwenye majani ya uani. Meneja ana huruma, anamnunulia maziwa kwa mfuko wake na kumwekea kwenye kisosi chini ya meza. Tafadhali msomee Mama hizi habari za Koplo, najua atafurahi. Na wewe zisome, dada. Usiziruke.

Mdogo wako mtiifu,
Kitinda


Shambani,
5 Julai

Kitinda,

Nimeipata barua yako ya karatasi nzuri. Kwa hiyo yamejaa.

Meneja akisema redioni, najiambia huyo ni Meneja. Lakini ukiniandikia wewe, basi yamekwisha. Hata ulipouvunja mtungi wa Mama ulikuja kusema mwenyewe kabla hatujauliza. Najua uliandika akiwa amekusimamia, na najua kazi unaihitaji, lakini sijawahi kukuona ukisema uongo, sijui hata ungeanzaje. Nilikaa jikoni nikalia, nisikufiche. Si kwa ajili yako. Nililia kwa ajili ya madawati yale na mikono ile juu.

Dumuzi wameshaingia. Ukipiga gunia kofi unatoka unga. Mzee Lakini ameshatoa magunia yake barazani, anangoja tu niseme. Jumapili hii kuna mkutano, na watu watataka tupeleke mahindi Bodi kwa bei yoyote watakayotupa, na mimi sitawazuia. Nitawaandikia Kamati kwamba hatuji tena.

Humu ndani hali yenyewe unaicheka. Magunia yamejaa chumba cha Mama, chumba changu na nusu ya jikoni, tunapita ubavuubavu kama kaa. Na panya! Wanakimbizana juu ya dari kama wana harusi. Paka wa Mama amenenepa tumbo linaburuta, mlangoni anapita kwa kufikiria. Wa jirani naye kahamia kwetu, na mwingine mwekundu hata hatujui ametoka wapi. Mama anasema tumekuwa hoteli ya paka. Nikamtania, nikamwambia paka wote wa dunia wanakimbilia penye mahindi, isipokuwa huyo Koplo wa Kitinda, yeye ana wazimu, ana ghala limejaa pomoni na bado anahama kwenda kunywa maz

Ngoja.

Ngoja kwanza.

Hapana, si kitu, kalamu imeteleza. Barua naikata hapa, nimekumbuka nina kazi. Mpe Koplo salamu zangu nyingi, mwambie avumilie. Na wewe karani unayefungua bahasha, shikamoo, au marahaba, sijui umri wako.

Dada yako


Mjini,
12 Julai

Dada, shikamoo.

Barua yako imekatika kama uzi wa cherehani. Mkutano wa Jumapili umeishaje? Kila lori likiingia uani natoka kuchungulia kama ni mahindi yenu, mpaka wenzangu wananiuliza namngoja nani.

Kesho nahamishiwa kituo cha mizani, kule barabara kuu, nikae huko mpaka wageni wa Bunge waondoke. Meneja anasema hewa ya huko ni nzuri. Kwa hiyo kama mtakuja, sitakuwepo, na kama hamji, sijui. Niandikie huko. Nina wasiwasi, chakula hakipiti.

Koplo sasa hata maziwa ameyachoka.

Mdogo wako,
Kitinda


Shambani,
24 Julai

Kitinda, Kitinda, Kitinda!

Tumeshinda! Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitapiga kelele, na Mama amelala.

Ile Jumapili niliingia darasani kila mtu ameshakata tamaa. Nikasimama nikasema: hatuuzi. Tunangoja Kamati. Wakauliza kwa nini, nikasema siwezi kusema kwa nini. Unafikiri walipenda? Mzee Lakini alisimama juu ya dawati. "Lakini mwenyekiti, tunakula imani?" Nikamjibu, sikiliza mzee, nikikosea, mahindi yangu yote na ya Mama mtagawana, sitabakiza hata ya mbegu. Mama alikuwa dirishani, sikuwa nimemuuliza, nikamwangalia. Akasema kwa sauti, "Na paka wangu juu yake." Watu wakacheka, wakakubali.

Siku yenyewe tulipanda lori moja, tumesimama tumeshikana. Kwenye kizuizi askari akauliza tumebeba nini. Mzee Lakini akamwambia, "Tumebeba midomo, nayo inahitaji kibali?" Wakatupisha.

Kantini yenu nimeiona. Masufuria makubwa, kuta za kijani, na dirishani ghala lenyewe limesimama hapo uani, milango ya chuma imefungwa kufuli mbili. Kamati walikaa mbele kwenye meza ndefu, mwenyekiti wao mama mmoja mwembamba wa miwani. Meneja akaanza. Weee, mtu yule anajua kuongea! Chati, rangi, mistari inapanda. Akamaliza: maghala yamejaa pomoni, waheshimiwa, nchi ina akiba, hakuna haja ya kubadili chochote, hawa ndugu zetu wamepotoshwa tu. Akanitazama mimi akatabasamu.

Ikafika zamu yangu. Karatasi niliyoandaa ilikuwa ndefu, nikaiweka chini. Nikasema, mheshimiwa, kabla ya hotuba nina swali moja dogo kwa Bwana Meneja. Je, Bodi ina paka?

Kitinda, hebu niambie, mtu gani hapendi kuulizwa habari za paka wake? Uso wake ulichanua! "Tunaye, anaitwa Koplo." Nikasema, maskini, anaendeleaje? Akaanza mwenyewe, sikumsukuma. Ooh, Koplo ni rafiki yangu, amehamia ofisini kwangu, ghalani hataki hata kukanyaga, analala kwenye barua zangu, nimemnunulia maziwa kwa hela yangu, amekonda lakini daktari wa mifugo haoni ugonjwa, hata mimi nashangaa.

Mstari wetu wa nyuma ndio ulioanza. Mama mmoja aliguna, mwenzake akapaliwa, halafu wakulima wote wakaangua kicheko kantini nzima, watu wanapigana migongo, wanafuta machozi. Meneja akageuka huku na huku, haelewi. Nami nikamtazama yule mama wa miwani. Alikuwa anajikaza, mdomo ameubana. Baadaye alituambia amekulia kwenye kupukuchua kama sisi. Akavua miwani, akasema polepole, "Bwana Meneja, tufungulie ghala tulione."

Meneja akasema ghala likifunguliwa unyevu utaingia. Akajibiwa, "Fungua, mimi nitasimama mlangoni niuzuie."

Mlango ulilia ule, ukafunguka. Kitinda, mlikuwa hamna kitu! Sakafu imefagiwa safi, pembeni mafagio matatu na ndoo. Mwanga wa jua umelala chini peke yake. Mzee Lakini akajisahau akasema "Lakini!" na ghala likamjibu, lakini, lakini, lakini. Hapo hata wabunge walicheka.

Yote yakatoka. Bodi waliuza akiba yote mapema, wakijua sisi hatuna pengine pa kwenda, tutawajazia tena kwa bei yao. Na yale malori ya turubai? Magunzi, ndugu yangu. Walikuwa wanazungusha magunzi barabarani ili tuyaone. Tulikuwa tunapoteza usingizi kwa ajili ya magunzi!

Wabunge wamesema mapendekezo yatamfikia Waziri wiki hii. Sauti imenikauka, nimekumbatiwa na watu nisiowajua.

Sasa nikuambie jambo, na usijitetee. Niligundua wakati nakuandikia, uliona mwenyewe kalamu ilivyokatika. Nikajua hapohapo kwamba umenidanganya. Iliniuma kuliko dumuzi. Halafu nikatafakari: ana chumba cha kulipia, hajathibitishwa, bosi amemsimamia begani, angefanya nini mtoto wa watu? Nikakusamehe kabla hata ya mkutano. Lakini paka wako alikusaliti bila wewe kujua, nami nikamtumia, na sikukuambia. Na wewe nisamehe kwa hilo. Jina lako halikutoka kinywani mwangu.

Mama ameamka. Anasema nikuandikie hivi: "Kula."

Dada yako mwenye furaha isiyo na mfano


Kituo cha Mizani,
2 Agosti

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama juu ya mizani ya malori, na dereva nyuma yangu anapiga honi. Apige tu! Nimewasomea watu wote wa kituo sehemu ya Mzee Lakini na ghala. Tumeirudia na tunajibizana, mmoja anasema lakini, wengine wanaitikia. Redio nayo tumeisikia wote pamoja: Waziri ametangaza vizuizi viondolewe tangu msimu huu, mkulima auze kwa amtakaye, na muswada uende Bungeni. Askari wa kizuizi cha hapa jirani ameng'oa mti wake mwenyewe, anauliza nani anataka kuni.

Sasa lile jambo lako. Umeniambia nisijitetee, lakini nitajitetea, maana nimekasirika na kufurahi kwa pamoja, sijui nianze na lipi.

Bila mimi kujua? Bila mimi kujua, dada! Wewe unadhani mimi nilikaa hapa nakutungia hadithi za watoto? Barua ya kwanza nikakupa paka. Ya pili, na Meneja ananipumulia shingoni, nikakupa paka tena, nikakuomba zisome, usiziruke. Nilishaandika kila kitu ila kukuchorea! Nilikuwa nalala macho nikijiuliza huyu dada yangu amepatwa na nini, ndiye yuleyule kweli?

Maana wewe ndiye uliyenifundisha. Umesahau? Mwaka ule mvua ilipokataa, nilikuwa mdogo sana, paka wetu wa madoadoa akahamia kwa mwenye duka. Nililia siku nzima. Nilidhani tumemkosea, kwamba ametuchukia. Mama hakuwa na nguvu ya kunibembeleza. Wewe ukanishika mkono ukanipeleka ghalani, ukaniinua nichungulie. Ukasema, "Tazama. Hajatuchukia. Amefuata panya, na panya wamefuata mahindi." Ndipo nikajua kwamba mahindi yameisha. Ulikuwa bado umenishika kiuno, ukaniambia nisimwambie Mama kwamba nimeona.

Sikumwambia. Hiyo ndiyo siri ya kwanza niliyopewa kutunza, na niliitunza. Kwa hiyo hata kiapo cha Bodi sikukivunja. Niliapa kutosema kilichomo ghalani. Koplo hakuwemo ghalani.

Na ile sentensi ya pomoni niliyoandika kwa agizo, ndiyo uongo pekee niliowahi kukuandikia. Niliutanguliza "kama nilivyoagizwa" nikidhani utaelewa. Mkono uliniuma mpaka jioni. Usiniambie umenisamehe. Niambie umenielewa.

Habari ya mwisho, shika ukuta. Bodi sasa inatafuta mahindi kwa tochi, na wakulima hawataki hata kuisikia. Wakakaa kikao wakajiuliza ni nani wa kwao anayeweza kupokelewa kijijini kwenu bila kufukuzwa kwa mafagio. Wamenithibitisha kazini kwa barua ya haraka, na Jumamosi nakuja. Natumwa na Bodi ya Nafaka kupiga hodi mlangoni kwako na kukubembeleza.

Mdogo wako,
Afisa Ununuzi (zoea tu)


Shambani,
6 Agosti

Kwa Afisa Ununuzi,

Barua yako nimeipokea. Wenye vinu wawili wameshafika na malori yao, wamekaa barazani, Mama amewapa chai na anawatazama wanavyopandishiana bei kwa adabu. Wewe utakuwa wa tatu kwenye foleni. Hatuna upendeleo wa kindugu hapa. Bambo lako utaliacha mlangoni, gunia litamwagwa lote kwenye turubai tulitazame wote, na ukisema yana unyevu nitakuchapa mbele ya watu.

Hayo ni ya Mwenyekiti. Haya ni ya dada yako.

Siku ile ya ghala nilikuwa nimeisahau, Kitinda. Niliizika makusudi, ilikuwa na njaa nyingi mno ndani yake. Siku ile nilidhani nakuinua wewe tu uone, kumbe na mimi ulikuwa unanibebea. Nimemsomea Mama barua yako. Nikamwambia na ile siri, maana sasa nyumba imejaa na haiwezi tena kumuumiza. Mama akaniambia aliijua siku ileile. Alituona mlangoni, wewe juu ya mikono yangu, na hakutaka tujue kwamba ameona.

Nimekuelewa.

Njoo na Koplo. Mwambie huku kuna kazi.

Dada yako